Uzio wa ng'ombe usioua wanyamapori: mwongozo kwa wenye mashamba kandokando ya Lubumbashi

Ukitoka Lubumbashi kwa barabara ya Kasenga, au ukielekea Kipushi au Likasi, utakuta mashamba ya mifugo yaliyozungushiwa seng'enge, au barbele kama wengi hapa wanavyoiita, nyaya nne au tano, zote zikiwa na miiba kutoka juu mpaka chini. Fundi ndivyo alivyofundishwa na duka ndivyo linavyouza. Lakini ng'ombe anazuiwa na nyaya za katikati, zile zinazomkuta kifuani. Miiba ya waya wa juu kabisa na ya waya wa chini kabisa haimsaidii mfugaji karibu chochote, na hiyo ndiyo inayonasa nsya, pongo, tohe, bundi na popo.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kujenga uzio unaoshika ng'ombe na kumwacha mnyama wa porini apite, jinsi ya kurekebisha uzio wa zamani bila kuubomoa wote, na la kufanya ukimkuta mnyama ananing'inia.

Uzio unavyomnasa mnyama

Elewa kwanza kinachotokea, maana vipimo vyote vya mbele vinatokana na hapo.

Pongo anaporuka waya, miguu ya mbele hupita bila shida. Ya nyuma huwa imekunjwa chini ya tumbo, kwato zikitazama mbele. Uzio ukiwa mrefu kuliko alivyokadiria, au akiwa amechoka, au akikimbizwa na mbwa, kwato moja huingia kati ya waya wa juu na wa pili. Mwili unaendelea kuangukia upande wa pili, na uzito wake unauzungusha ule mguu: waya wa juu unashuka, wa pili unapanda, nyaya mbili zinapishana na kubana mfupa juu ya kwato kama mkasi. Kadiri anavyovuta ndivyo zinavyozidi kubana. Anabaki ananing'inia kichwa chini, na asipokutwa mapema hafi kwa jeraha lile tu. Misuli inaharibika kwa woga na kwa kupambana, na anaweza kufa siku kadhaa baada ya kuachiwa huru hata kama mguu unaonekana mzima.

Utafiti uliofanyika Utah na Colorado, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2006, ulihesabu wastani wa mnyama mmoja aliyekufa kwenye waya kwa kila km 4 za uzio kwa mwaka, na wengi walinaswa kati ya nyaya mbili za juu. Watoto walikufa mara nyingi kuliko wakubwa. Wanyama wa kule si wa kwetu, lakini mguu wa nyuma wa paa unakunjwa namna ileile popote.

Nsya na watoto wa paa hawaruki, wanapita chini. Waya wa chini ukiwa sm 20 kutoka ardhini, mama ataruka na mtoto atabaki nje akihangaika huku na huku kandokando ya uzio, mpaka mbwa wamkute.

Popo wa matunda ana habari yake. Mabawa yake yakikunjuliwa hufika karibu sm 75, na utando wake ni mwembamba kiasi cha kuonyesha mwanga. Anaporuka chini usiku kuelekea kwenye mwembe, mwiba mmoja unatoboa utando, naye anajizungusha ili ajitoe. Kila mzunguko unaukunja utando kwenye waya kama nguo inayokamuliwa. Asubuhi utamkuta yuko hai, mdomo umekauka, jua linampiga. Kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba mamilioni ya popo hawa wenye rangi ya majani makavu hukusanyika Kasanka, Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wetu, na waliofuatiliwa kwa satelaiti wameonekana wakiingia Kongo. Ndio wanaosambaza mbegu za miti mingi ya matunda ya porini, kwa hiyo kila popo anayekufa kwenye waya ni hasara ya msitu pia.

Bundi na ndege wengine wa usiku hugonga waya kwa sababu macho yao yako kwenye windo, na waya mwembamba wa kijivu gizani ni kama haupo.

Soma ardhi kabla ya kununua waya

Wakati mzuri wa kazi hii ni Agosti na Septemba. Mioto ya kiangazi imepita, majani yameisha, na nyayo zinasomeka kwenye majivu na vumbi. Tembea mstari wote unaotaka kuufunga, asubuhi mapema, pamoja na kapita, yaani msimamizi wa shamba, au mzee wa kijiji anayejua mapito. Weka kijiti au kitambaa mahali penye:

- njia nyembamba iliyokanyagwa na kwato, hasa ielekeayo maji
- kinyesi cha paa kilichorundikana mahali pamoja
- mwembe, mpera, mparachichi au mti wa masuku ulio karibu na mstari
- ukingo wa dembo, yaani bonde la majani linalojaa maji wakati wa mvua, au mahali dembo linapokatwa na mstari

Dembo usilikatize. Korongo taji, bata na tohe hulitumia, na ndege wa majini huruka chini sana jioni wanapotua. Rudisha mstari nyuma angalau mita 30 kutoka ukingo wa majani marefu, ng'ombe wanywe kwa kupitia mlango mmoja unaofungwa. Utapoteza kipande cha malisho ambacho miezi mingi ni matope tu, na utaepuka nguzo kuoza kila mvua.

Kwenye miti ya matunda, mstari upite umbali wa mita 10 au zaidi. Ikishindikana, kipande hicho kisiwe na miiba kabisa kwenye waya wa juu.

Fikiria moto pia, jambo ambalo wengi hulisahau. Moto wa porini ukija na upepo, wanyama hukimbia mbele yake na kuukuta uzio. Kwa hiyo weka mlango au kipande cha kushusha kila upande wa shamba, usiutegemee ule wa barabarani peke yake, na fyeka mkanda wa mita 4 hadi 5 nje ya uzio ifikapo Juni. Mkanda huo unaokoa nguzo na unaokoa zinki ya waya: waya uliopitiwa na moto mkali huanza kushika kutu mvua ya kwanza tu.

Vipimo

Kwa ng'ombe, nyaya nne zinatosha. Urefu unapimwa kutoka ardhini:

- waya wa kwanza, chini: sm 42, laini, hauna miiba
- waya wa pili: sm 57, wenye miiba
- waya wa tatu: sm 72, wenye miiba
- waya wa nne, juu: sm 105, laini, hauna miiba

Namba mbili hazibadilishwi. Ya kwanza ni sm 42 za chini, maana hapo ndipo nsya na watoto wa paa wanapita kwa tumbo. Ya pili ni nafasi ya sm 33 kati ya waya wa juu na unaofuata. Ikishuka chini ya sm 30, nyaya hizo mbili zinaweza kupishana na kugeuka ule mkasi. Na uzio usizidi sm 105. Kila sm 10 unazoongeza juu hazimzuii mwizi, ila zinaongeza wanyama wanaonaswa.

Wafugaji huuliza: waya wa juu ukiwa laini, ng'ombe si atauegemea na kuulegeza? Ng'ombe huegemea anapotaka majani ya nje kwa sababu ya ndani yameisha. Akisogea, kifua chake kinakutana na miiba ya sm 72 kabla shingo haijaulemea waya wa juu. Uzio unaobomolewa kila wiki unaonyesha malisho yamezidiwa, na miiba zaidi haitaotesha majani.

Ndama mchanga anaweza kupita chini ya sm 42, hilo ni kweli. Walaze ndama kwenye zizi karibu na nyumba mpaka wafikishe miezi miwili hivi. Mbuzi na kondoo hawatashikwa na uzio huu, na wavu wa kuwashika wao unafunga njia kwa kila kiumbe cha ardhini. Ushauri wetu ni mbuzi wachungwe mchana na walale bomani, wavu uzunguke boma peke yake na si shamba zima.

Vifaa vya hekta moja

Hesabu hii ni ya mraba wa m 100 kwa m 100, yaani mzunguko wa m 400, nguzo moja kila m 5.

Nguzo ni 80. Kati ya hizo, nne za pembe na mbili za mlango ziwe nene, kipenyo cha sm 15 na urefu wa m 2.4. Zilizobaki zinatosha kipenyo cha sm 10 na urefu wa m 1.8. Mubanga ndio mti ambao mchwa hauwezi kwa urahisi, lakini unakua polepole mno na unazidi kuadimika. Utumie kwenye pembe na mlango tu, sehemu nyingine weka mkalitusi. Mkalitusi uondolewe ganda lote kabla ya kufukiwa, kwa kuwa mchwa huanzia chini ya ganda.

Miti ya kuegemeza ni 10: miwili kila pembe na mmoja kila nguzo ya mlango. Kisha vijiti 80 vya kutenganisha nyaya, sm 75 kila kimoja, unene wa kidole gumba.

Waya laini wenye zinki, wa mm 2.5, unahitaji m 840 ukihesabu vifundo vya mwisho. Waya huo una uzito wa takriban gramu 38.5 kwa mita, kwa hiyo ni kama kg 32 na nusu. Roli ya kg 25 inatoa karibu m 650. Usikubali kuuziwa waya mweusi wa kufungia vyuma vya zege: unanyooka kama uzi, hauna zinki, na baada ya mvua mbili unakatika. Seng'enge yenyewe nayo ni m 840. Roli za seng'enge zinatofautiana sana kwa urefu hata zikiwa na uzito sawa, basi uliza mita, na ukiweza ukunjue na kupima m 10 kwenye mizani ndogo kabla ya kulipa.

Misumari ya U ya mm 40, nunua 380. Zinatumika 320, nyingine hupinda kwenye mubanga. Ongeza waya mwembamba m 100 wa kufungia vijiti, pensi kubwa ya kukata, kikaza waya, nyundo, glavu nene za ngozi na miwani ya kukinga macho. Miwani si anasa: waya uliokazwa ukikatika unarudi kwa kasi usoni.

Kusimamisha uzio

Udongo mwekundu wa huku ni mgumu kama tofali mwezi Septemba. Chimba baada ya mvua za kwanza za Novemba, au mwagia maji mashimo jioni na kuchimba asubuhi.

Anza na pembe, na usiharakishe. Shimo liwe na kina cha sm 90, nguzo ifukiwe kwa tabaka za sm 15, kila tabaka lishindiliwe kwa mti mzito. Mti wa kuegemeza unatoka kwenye nguzo, sm 80 juu ya ardhi, mpaka jiwe bapa au kigingi kilichofukiwa, kwa mshazari, ukifuata mwelekeo wa uzio na ukiwa upande wa ndani ya mvuto wa waya. Pembe ikilegea, waya wote unalegea. Waya ukilegea, wa juu unalala juu ya wa tatu, na vile vipimo ulivyojali vinakuwa bure. Ukichunguza uzio mwingi ulionasa paa, kosa huanzia kwenye pembe iliyoinama.

Nguzo za kati zifukiwe sm 60, zibaki m 1.2 juu. Chora vipimo vinne kwenye ubao mmoja, 42, 57, 72 na 105, na uutumie ubao huo kila nguzo. Ardhi ikiwa na bonde dogo, usiache waya ukaning'inia juu ya bonde wala kulalia kwenye kilima: ongeza nguzo hapo ili kipimo kifuate ardhi.

Funga waya wa chini kwanza, halafu wa pili, wa tatu, mwisho wa juu. Seng'enge ikunjuliwe na watu wawili wenye mti katikati ya roli, wala usiivute kwa kuzungusha, kwa sababu itajifunga mafundo. Kaza mpaka ukiukandamiza waya kwa mkono katikati ya nguzo mbili usishuke zaidi ya sm 5. Msumari wa U upigwe kwa mshazari, usifuate mstari wa nyuzi za mti la sivyo utaupasua, na usiuzamishe wote. Acha nafasi waya uteleze, ndipo utaweza kuukaza upya kutoka pembeni. Waya uliokazwa asubuhi ya baridi ya Julai utakuwa umelegea kidogo joto la Oktoba, kwa hiyo rudi nao.

Vijiti vya sm 75 vinafungwa katikati ya kila nguzo mbili, kwenye nyaya zote nne, bila kugusa ardhi. Kazi yake ni kuzuia waya wa juu na wa tatu zisikutane. Visipogusa ardhi mchwa hauvipandi, na nsya anapita chini bila kizuizi.

Kisha uzio uonekane. Chukua bido tupu za mafuta za lita 20, nyeupe zikipatikana, kwa kuwa nyeupe huonekana mapema alfajiri na jioni kuliko njano. Kata vipande vya sm 5 kwa sm 15, toboa matundu mawili, pitisha waya wa juu au ufunge kwa waya mwembamba, kimoja kila mita. Bido moja inatoa vipande zaidi ya 40. Si lazima uzio mzima: anza na ukingo wa dembo, njia za paa na karibu na miti ya matunda. Huko Idaho, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta alama ndogo za aina hii zimepunguza ndege wa nyikani kugonga waya kwa takriban asilimia 83.

Mahali palipokuwa na njia ya kwato, tengeneza kipande cha kushusha chenye urefu wa m 10. Badala ya misumari ya U, weka kulabu za waya kwenye nguzo tatu za hapo. Ng'ombe wakihamia upande mwingine, toa waya wa juu na wa tatu kwenye kulabu, ushushe wa juu kwenye kulabu ya sm 72 na wa tatu kwenye ya sm 57. Uzio hapo unabaki na urefu wa sm 72, na hata paa mwenye mimba anavuka.

Kama uzio wa zamani umeshasimama

Huna haja ya kubomoa. Fuata mpangilio huu, na ukikosa fedha simama popote ulipofika, kila hatua inaokoa peke yake.

Kwanza waya wa juu. Ulegeze kutoka pembeni kabla ya kukata chochote, ng'oa misumari ya U, uviringe, kisha weka laini kwenye sm 105. Huu ndio unaoua zaidi. Kama waya laini haujapatikana, pasua bomba la maji la plastiki kwa urefu, au mwanzi, uuvike kwenye seng'enge na kufunga kila sm 50. Kwa kipande cha m 50 karibu na miembe hiyo ni kazi ya mchana mmoja kwa watu wawili, na iishe kabla ya Oktoba.

Pili waya wa chini: upandishe mpaka sm 42. Hautakugharimu waya mpya, misumari tu. Ukiwa na nyaya tano, ondoa ule wa chini kabisa na nyingine uzisogeze zifuate vipimo.

Tatu, ongeza vijiti vya kutenganisha.

Umeme, ukuta na uzio hai

Uzio wa umeme hauna miiba, lakini waya wake wa chini una hatari yake. Kusini mwa Afrika unajulikana kwa kuua kakakuona: akiguswa na umeme anajikunja kama desturi yake ya kujilinda, na anajikunja kuuzunguka waya, akipigwa tena na tena mpaka afe. Kobe nao hufa hivyo. Usiweke umeme chini ya sm 30, na kamwe usichanganye umeme na miiba kwenye waya mmoja, kwa kuwa aliyenaswa na mwiba hawezi kujiondoa kwenye umeme, awe mnyama au mtoto.

Mjini, ile seng'enge ya wembe inayozungushwa juu ya kuta hukata popo, bundi na kanu vibaya kuliko miiba. Bogenvilia iliyopandwa nyuma ya ukuta na kuachwa imwagike juu inazuia mtu kupanda.

Kwa shamba la mboga, manyara inafaa: vipandikizi vya sm 50, kimoja kila sm 30, mwanzo wa mvua. Inahitaji miaka miwili hadi mitatu kuziba. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kuleta upofu, kwa hiyo vaa miwani na usiwape watoto kazi ya kuikata.

Ukaguzi, na mnyama akinaswa

Uzio ukaguliwe alfajiri, si saa nne. Popo na bundi wananaswa usiku, na wakipatikana kabla ya jua kali wana nafasi ya kuishi. Mara moja kwa wiki inatosha kwa mwaka mzima, kila siku wakati wa maembe, na papo hapo baada ya moto au dhoruba. Kapita au sentineli (mlinzi) apewe mfuko wenye pensi, glavu, blanketi, chupa ya maji na katoni yenye matundu. Ukikuta panzi au mjusi mdogo amechomekwa vizuri kwenye mwiba, hiyo si ajali: ni mbwigu, ndege anayehifadhi chakula chake hapo. Mwache.

Mnyama mkubwa asishughulikiwe na mtu mmoja. Palahala dume ana pembe zinazoweza kutoboa tumbo la mtu. Kwa huyo, kwa nyani, na kwa mnyama yeyote mla nyama, kaa mbali, ondoa mbwa na watazamaji, na uwaite maafisa wa ICCN, taasisi ya taifa ya kuhifadhi wanyamapori, au daktari wa mifugo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya wanyama, na namba ya daktari mmoja iwe imeandikwa nyumbani kwa kapita kabla ya siku hiyo.

Nsya au pongo jike watu watatu wanamweza. Nyamazeni. Mmoja amfunike kichwa na macho kwa blanketi na kuibana shingo ardhini taratibu, wa pili ashike miguu ya nyuma juu ya goti, wa tatu akate. Kabla ya kukata, inua mwili ili uzito utoke kwenye mguu. Kata waya wa juu mahali palipo karibu na nguzo, ukiwa umesimama pembeni ya mstari wake na kuushika upande unaobaki, la sivyo utarudi na kuwapiga nyote. Mguu ukiwa haujavunjika, mwachie hapohapo, kichwa kikielekea porini, na mrudi nyuma. Yote haya yasizidi dakika kumi. Kumbeba nyumbani kumpa maji na majani ni huruma inayomuua.

Popo hashikwi kwa mikono mitupu, hata akionekana amezimia. Mfunike kwa kitambaa kinene, mloweshe maji utando uliokauka, halafu kata seng'enge sm 10 kila upande wake na umweke kwenye katoni pamoja na kipande cha waya, umpeleke kwa daktari. Usiukunjue utando kwa kuuvuta. Sehemu iliyobanwa imekosa damu: leo inaonekana nzima, baada ya siku tatu au nne inakauka na kuachia tundu kubwa. Kama daktari hapatikani na tundu ni dogo, utoeni mwiba pole pole kwa glavu na maji, mmweke kivulini, kisha mumtundike kwenye mti jua likizama.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa, na mnyama yeyote, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili hauna tiba.

Aliyekufa kwenye uzio haliwi. Hujui kama alidhoofika kwanza kwa ugonjwa ndipo akanaswa, na nchi yetu inazijua Ebola, mpoksi na kimeta kwa karibu mno. Mzoga wenye damu puani usipasuliwe. Vaa glavu, chimba kina cha m 1 na zaidi, fukia mbali na maji. Mwenye shamba alitangaze hili wazi kwa wafanyakazi, kwa sababu nyama ikiwa halali kuliwa, kuna siku uzio utaachwa umelegea makusudi.

Waya uliotolewa

Kipande cha waya kilichoachwa majanini huzunguka pembe na kwato, na kikiokotwa hugeuka mtego. Hata seng'enge hufunguliwa nyuzi zake mbili na kufanywa kitanzi cha kuwekwa kwenye njia ya paa. Basi waya wa zamani uviringwe kwenye pipa siku ileile unapong'olewa, mita zihesabiwe zilingane na zilizotoka kwenye nguzo, na zifungiwe ghalani mpaka ziuzwe kama chuma chakavu. Misumari ya U iokotwe kwa sumaku ya spika iliyofungwa kwenye fimbo, pita mara mbili, maana ng'ombe humeza chuma pamoja na majani na kikatoboa tumbo mpaka moyoni.